Nilivunjika mguu kwenye matatu, na sasa kila anayekuja ana karatasi ya kutiwa saini

Kwako mshauri,

Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, mjane, na fundi wa kushona nguo hapa Mtwapa, Kaunti ya Kilifi. Yapata mwaka mmoja na nusu uliopita nilikuwa nimeabiri matatu nikirudi nyumbani kutoka Mombasa nilikokwenda kununua vitambaa. Dereva alitaka kulipita lori penye kona, akakutana uso kwa uso na pikapu, akakwepa, na gari letu likaacha njia na kupindukia mtaroni. Hakuna aliyefariki, alhamdulillahi, lakini tuliumia wengi. Mimi nilivunjika mfupa wa muundi wa mguu wa kulia, nikapasuliwa na kutiwa chuma ambacho mpaka leo kimo. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na tangu nilipotoka hospitalini siwezi kukaa nayo muda mrefu kabla mguu haujafura. Kazi za sare za shule, ambazo ndizo zilizokuwa zikinipa karo ya watoto, nimewaachia mafundi wengine.

Nilipokuwa bado wodini alikuja kijana mmoja aliyevaa suti, ana faili mkononi, akasema ametumwa na wakili na kwamba nitalipwa mamilioni bila kutoa hata shilingi yangu. Nikatia saini karatasi zake hali nikiwa na usingizi wa dawa. Alichukua nakala ya kitambulisho changu na ya kadi ya hospitali. Kila nikimpigia simu hunijibu kwamba kesi inaendelea, lakini hajanipa nambari ya kesi, wala huyo wakili sijawahi kumwona kwa macho.

Mwezi uliopita mwenye matatu naye alikuja nyumbani pamoja na mtu aliyejitambulisha kuwa wa kampuni ya bima. Wanataka kunipa shilingi 80,000 nikitia saini hati iliyoandikwa kwa Kiingereza, ambayo wameniachia niisome. Shemeji yangu, ndugu mkubwa wa marehemu mume wangu, anasema nichukue, kwa kuwa kesi za kortini ni za watu wenye pesa na mimi nitazeeka kwenye benchi za mahakama. Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba dereva ni kijana wa mtaa wetu. Mama yake amekuja kwangu analia, anasema nikishtaki mwanawe atafungwa.

Naomba kujua: je, zile saini za wodini zimenifunga? Kesi ya namna hii huendaje, tangu mwanzo hadi mwisho, na huchukua muda gani? Je, huyu kijana atafungwa kwa sababu yangu? Na mimi sikuwa nimefunga mkanda, kwa sababu wa kiti changu ulikuwa umekatika. Je, hilo litaniharibia?

Fundi, Mtwapa

*

Wa alaykum salaam, Bi. Fundi. Pole kwa maumivu, na pole kwa kulazimika kuamua mambo haya huku kila anayekujia ana haraka yake mwenyewe.

Nianze na lisiloweza kungoja. Hati waliyokuachia usiitie saini, lakini pia usiitupe; ihifadhi, na uipige picha. Hati za aina hiyo huwa na sentensi moja ambayo ndiyo iliyoleta karatasi nzima, nayo husema kwamba mwenye kutia saini amepokea pesa hizo kuwa malipo kamili na ya mwisho, na kwamba amewaachilia mwenye gari, dereva na kampuni ya bima kutokana na dai lolote litokanalo na ajali hiyo, liwe linajulikana sasa au litajitokeza baadaye. Ukishapokea pesa kwa hati kama hiyo, mahakama itakuuliza kwa nini unadai mara ya pili, na itakubidi uthibitishe kwamba ulidanganywa au ulishurutishwa, jambo ambalo huwa gumu kuliko kesi yenyewe. Nawe bado una chuma mguuni. Kabla hujapima kama 80,000 ni nyingi au ni kidogo, nenda kliniki ya mifupa uulize kama chuma hicho kitapaswa kutolewa na upasuaji huo utagharimu kiasi gani, na uombe jibu kwa maandishi. Jibu hilo mpe pia shemeji yako alisome. Simlaumu, kwa sababu anayoyaogopa yapo, lakini anakadiria hasara ya jana tu, ilhali ya kesho haijahesabiwa.

Wala sisemi kwamba mapatano ni mabaya. Kesi nyingi za ajali za barabarani nchini Kenya humalizika kwa mawakili wa pande mbili kukubaliana, na mara nyingine hilo ndilo jambo la busara zaidi. Ninachosema ni kwamba mapatano ya haki hufanywa baada ya daktari kuandika ripoti na baada ya wewe kujua dai lako lina thamani gani.

Sasa tuje kwa yule kijana wa wodini. Watu kama yeye huzunguka katika hospitali na vituo vya polisi wakikusanya majeruhi na kuwapeleka kwa mawakili kwa malipo, na Sheria ya Mawakili inakataza wakili kutafuta wateja kwa njia hiyo. Uliyotia saini huenda ni barua ya kumwagiza wakili akufungulie kesi. Barua hiyo haikufungi kwake maisha. Mteja ana haki ya kubadilisha wakili wakati wowote, ila wakili wa kwanza, kama kweli amefanya kazi, anaweza kudai ujira wa kazi aliyoifanya. Kwa hiyo swali la kwanza si namna ya kuachana naye. Swali ni kama ipo kesi iliyokwisha kufunguliwa kwa jina lako. Kama ipo, huwezi kufungua ya pili juu ya ajali ileile. Kama haipo, umepotezewa mwaka mmoja na nusu.

Mwandikie kijana huyo ujumbe wa simu, usimpigie, ili ubaki na maandishi, umtake akupe jina kamili la wakili, ofisi ilipo na nambari ya kesi. Akikupa jina, ulizia Chama cha Mawakili cha Kenya kama mtu huyo ni wakili na kama ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu, kwa maana cheti hicho hutolewa upya kila mwaka. Asipokupa, nenda mwenyewe katika masjala ya mahakama, uanzie Kilifi, kisha Shanzu na Mombasa, uombe jina lako litafutwe katika kesi za madai. Makarani wanaweza kutafuta kwenye kompyuta, na huhitaji wakili kuuliza swali hilo. Ukigundua kwamba kesi ilifunguliwa, ikasikizwa au hata ikalipwa bila wewe kujua, na hilo huwapata watu, peleka malalamishi kwa Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili.

Haraka hii ina sababu yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Kufungua Mashtaka, Sura ya 22, dai la kuumizwa kwa uzembe wa mtu mwingine lazima lifikishwe mahakamani ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali. Wewe umekwisha kutumia nusu ya muda huo. Watu wengi hudhani kwamba madhali wanazungumza na kampuni ya bima, siku zimesimama kuhesabiwa, hazisimami. Kampuni inaweza kukupa matumaini kwa barua nzuri nzuri mpaka mwaka wa tatu umalizike, na siku inayofuata ikakujibu kwamba dai lako limepitwa na wakati. Kama gari lingekuwa la serikali, muda ungekuwa mfupi zaidi, yaani mwaka mmoja tu. Aliyeumia akiwa mtoto, yeye muda wake huanza kuhesabiwa anapotimiza miaka 18. Nalitaja kwa sababu umesema mliumia wengi, na huenda kulikuwa na watoto katika gari hilo.

Kuhusu dereva, mwambie mama yake ukweli huu. Kuna kesi mbili tofauti ambazo watu huzichanganya. Moja ni ya Serikali dhidi ya dereva, chini ya Sheria ya Trafiki, kwa kuendesha gari bila uangalifu; hiyo hufunguliwa au kuachwa kwa uamuzi wa polisi na waendesha mashtaka, na wewe ndani yake ni shahidi tu. Kesi yako ni ya madai, inaomba fidia ya pesa, na hakimu anayeisikiza hana hukumu ya jela ya kumpa mtu kwa kosa la barabarani. Dereva huandikwa kuwa mdaiwa pamoja na mwenye gari, kwa sababu mwenye gari hubeba lawama ya kosa la mtu anayemfanyia kazi, na mlipaji anayetarajiwa ni kampuni ya bima, ambayo mwenye matatu amelazimishwa na Sura ya 405, yaani sheria ya bima ya magari kwa wanaoumizwa nayo, kuwa nayo kwa ajili ya abiria kama wewe. Siwezi kukuficha kwamba dereva akiwa amepatikana na hatia katika kesi ya trafiki, hukumu hiyo hukusaidia sana, kwa kuwa Sheria ya Ushahidi inaichukulia kuwa ithibati kamili kwamba alitenda kosa hilo. Lakini huna haja ya kuingojea. Katika kesi ya madai hakimu hupima tu ni upande upi maelezo yake yana uzito zaidi wa kuaminika.

Sasa karatasi, na hapa niruhusu nikawie, kwa kuwa nimeona kesi nzuri zikiporomoka hapa kuliko mbele ya hakimu. Unahitaji abstrakti ya polisi, ambayo hutolewa na kituo kilichoandikisha ajali na hubeba nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), nambari za usajili za magari, jina la kampuni ya bima na majina ya majeruhi. Isome hapohapo kwenye kaunta kabla hujaondoka. Hakikisha jina lako limo, na kwamba umeandikwa kuwa abiria, si mtembea kwa miguu. Unahitaji fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, iliyojazwa na daktari, maandishi ya matibabu ya siku ya kwanza kabisa, muhtasari wa kuruhusiwa kutoka hospitalini, na picha za eksirei zenyewe, maana maelezo yake peke yake hayatoshi. Wakili wa upande wa pili ataweka maandishi haya kando kwa kando akitafuta tofauti: kama karatasi ya siku ya kwanza inasema mguu wa kulia na P3 inasema wa kushoto, utaulizwa ni upi uliovunjika, hata kama kovu linaonekana na kila aliyemo chumbani.

Linganisha majina pia. Hospitali zetu zina mazoea ya kumwandika mgonjwa kwa jina alilotajiwa na aliyemleta, na mara nyingi jina hilo ni la mtoto wake wa kwanza au la mume. Kama kadi yako inasomeka tofauti na kitambulisho, rudi idara ya rekodi uombe barua ya masahihisho sasa, wakati faili lako bado linapatikana.

Kisha kuna risiti. Fidia ya gharama ulizokwisha kutumia hulipwa kwa kila shilingi uliyoitaja katika hati ya madai na ukaithibitisha kwa karatasi. Usiyoitaja haihesabiwi, na uliyoitaja bila risiti kwa kawaida hukataliwa. Risiti zinazotoka kwenye mashine ndogo za maduka ya dawa huandikwa kwa joto, na zikikaa miezi kadhaa hubaki karatasi nyeupe tupu. Toa zako popote zilipo leo, zitolewe nakala, na nakala hizo zigongwe pamoja na zile za awali. Nauli za kwenda kliniki, magongo uliyonunua, na mtu uliyemlipa akufulie na kukupikia, vyote vina nafasi yake ikiwa vimeandikwa.

Kazi yako ya ushonaji nayo haina hati ya mshahara, na wakili wa bima atalishikilia hilo. Usikate tamaa. Mahakama ya Rufaa ilieleza mwaka 2005 kwamba hati si njia pekee ya kuthibitisha kazi ya mtu wala mapato yake, kwa kuwa kusema vinginevyo kungewanyima haki Wakenya wengi wasiotunza kumbukumbu lakini wanaoishi kwa jasho lao. Hata hivyo, chukua taarifa ya M-Pesa ya mwaka uliotangulia ajali na ya mwaka uliofuata, tafuta daftari lako la vipimo vya wateja, na uombe shule mojawapo iliyokuwa ikikupa kazi ya sare iandike barua. Wakili wako atatofautisha mapato uliyopoteza ulipokuwa umelala, ambayo yanahitaji uthibitisho mkali, na kupungua kwa uwezo wako wa kuchuma siku za usoni, ambako hakimu hukukadiria. Cherehani ya kukanyaga na mguu wenye chuma ni jambo ambalo hakimu yeyote atalielewa, lakini lazima liandikwe na daktari: mwambie unashona kwa miguu, na umwombe aeleze katika ripoti yake athari ya jeraha kwa kazi hiyo mahsusi, kiwango cha ulemavu wa kudumu kama upo, na gharama ya kuondoa chuma. Gharama hiyo ya baadaye isipotajwa katika hati ya madai, mahakama haitakupa hata kama inaona unaihitaji.

Karatasi zikiwa tayari, wakili hutafuta rekodi za gari katika Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi ili kujua mmiliki aliyesajiliwa ni nani. Usishangae likitoka jina usilolijua. Matatu huuzwa na kuuzwa tena bila kubadilishwa majina. Baadaye hutumwa barua ya kudai, na kampuni ya bima hupewa notisi ya kesi. Hiyo notisi ni jambo dogo lenye madhara makubwa, kwa sababu bila kupewa ndani ya siku zilizowekwa, kampuni inaweza kukataa kulipa hata ukishinda. Muulize wakili wako wazi kama ameipeleka, na akuonyeshe nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Kesi hufunguliwa mahakama ya hakimu, na pamoja na hati ya madai huwekwa taarifa yako ya ushahidi. Isome, au usomewe kwa Kiswahili, kabla ya kuitia saini, kwa sababu ndiyo utakayohojiwa juu yake. Kisha utaletewa utetezi, na ninakutahadharisha mapema ili usije ukalia ukiusoma. Utetezi wa kesi hizi huandikwa kwa mtindo mmoja: utasema kwamba ajali haikutokea, kwamba kama ilitokea, wewe hukuwa abiria, kwamba kama ulikuwa abiria, hukuumia, na kwamba kama uliumia, ulijitakia mwenyewe kwa kutofunga mkanda, kwa kutojishikilia, na kwa kupanda gari ulilojua linaendeshwa kasi. Haya yote huandikwa na mtu ambaye hajawahi kukuona. Ni mazoea ya kazi, hayana maana kwamba mwenye gari amekugeuka au kwamba kesi imeharibika.

Utatakiwa pia kwenda kwa daktari wa upande wa bima akupime upya. Nenda, kwa kuwa kukataa hukuletea shida, na mweleze maumivu yako kama yalivyo bila kuongeza wala kupunguza. Ripoti yake mara nyingi itasema umepona zaidi ya ile ya daktari wako, na hakimu atazipima zote mbili. Katikati ya hayo kutakuwa na tarehe nyingi za kutajwa kwa kesi, nyingine zikifanywa kwa video, ambazo huhitajiki kuhudhuria na ambazo hazisogezi jambo kubwa. Kwa kuwa mlikuwa abiria wengi, huenda mahakama ikachagua kesi ya mmoja wenu iamue lawama ni ya nani, na nyingine zisubiri uamuzi huo. Hilo huchosha, lakini huokoa mashahidi.

Siku ya kutoa ushahidi utasema kwa Kiswahili, ambacho ni lugha halali ya mahakama za mahakimu sawasawa na Kiingereza. Utaeleza ulivyoona. Kisha wakili wa upande wa pili atakuhoji, na hapo ndipo mkanda utakapotajwa. Sema ulivyoniandikia mimi: hukufunga kwa sababu ulikuwa umekatika. Abiria hana usukani, na kwa kawaida halaumiwi kwa gari kuacha njia. Wakati mwingine mahakama humkata sehemu ya fidia kwa uzembe wake mwenyewe, lakini mkanda mbovu ni kosa la mwenye gari kabla ya kuwa lako. Anayeficha jambo kama hili na kufumaniwa nalo huhatarisha kuaminiwa kwa mengine yote aliyoyasema. Mawakili wakiafikiana kugawana lawama, tuseme asilimia 90 kwa 10, fidia yako yote hupunguzwa kwa hiyo 10, kwa hiyo makubaliano hayo yasifanywe bila wewe kuulizwa.

Mamilioni uliyoahidiwa wodini yasahau. Fidia ya maumivu hukadiriwa kwa kulinganisha na kesi nyingine za majeraha yanayokaribiana, huku hakimu akizingatia kushuka kwa thamani ya shilingi. Wakili mwaminifu atakuonyesha hukumu za miaka ya karibuni za watu waliovunjika muundi na kukupa makisio ya chini na ya juu. Akitaja kiasi kimoja kwa uhakika kabla ya kuona ripoti ya daktari, mtafute mwingine. Ujue vilevile kwamba wajibu wa kampuni ya bima chini ya Sura ya 405 una ukomo wa shilingi milioni 3 kwa dai moja. Jeraha lako, kwa jinsi ulivyolieleza, sioni likifika huko. Ukishinda, kwa kawaida utapewa pia gharama za kesi na riba, ambayo kwa fidia ya maumivu huanza siku ya hukumu na kwa matumizi uliyothibitisha huanza siku kesi ilipofunguliwa. Ukishindwa, unaweza kuamriwa ulipe gharama za upande wa pili, na hilo uliulize kabla ya kuanza.

Kuhusu muda, mwaka mmoja hadi mitatu mpaka hukumu si jambo la ajabu, na hukumu yenyewe huweza kuahirishwa siku iliyotajwa. Baada yake upande ulioshindwa una siku 30 za kukata rufaa Mahakama Kuu, na ukiomba utekelezaji usimamishwe, mara nyingi huamriwa kwamba sehemu ya pesa ulipwe na iliyobaki iwekwe katika akaunti ya pamoja ya mawakili hadi rufaa iamuliwe. Pasipo rufaa, kampuni ya bima ikikaa kimya, wakili wako hufungua kesi nyingine fupi ya kuitaka mahakama itamke kwamba inawajibika kulipa hukumu hiyo. Nalo gumu kuliko yote ni hili: baadhi ya kampuni zilizokuwa zikikatia matatu bima zimewekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na zikifikia hapo malipo husimama. Mwenye gari bado anadaiwa kwa mali yake, na madalali wa mahakama wanaweza kutumwa kwake, ila kupata pesa kwa njia hiyo huwa kama kukamua jiwe. Kwa hiyo jua mapema ni kampuni ipi iliyoandikwa kwenye abstrakti na iko katika hali gani, na kama hali yake ni mbaya, mapatano ya mapema yenye kiasi cha maana yanaweza kuwa afadhali kuliko hukumu kubwa. Hapo tu ndipo ningekubaliana na shemeji yako, lakini si kwa 80,000 kabla ya ripoti.

Limebaki suala la malipo ya wakili. Ahadi ya kwamba hutalipa chochote mpaka ushinde, kisha mgawane kwa asilimia, haikubaliki kisheria nchini Kenya. Sheria ya Mawakili inaibatilisha, na ujira hufuata kanuni za viwango zilizowekwa. Kwa vitendo, mawakili wengi hukubali kungoja ujira wao mpaka mwisho, lakini watakuomba pesa za kufungulia kesi, za ripoti ya daktari na za kutafuta rekodi za gari. Yote hayo yaandikwe katika barua ya makubaliano. Kama huna uwezo kabisa, ofisi ya Kituo cha Sheria ipo Mombasa, ipo pia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016, na kanuni za mahakama zinamruhusu asiye na uwezo kuomba afungue kesi bila kulipa ada.

Hundi ya bima mara nyingi huandikwa kwa jina la wakili, naye anapaswa kuiweka katika akaunti ya wateja iliyo mbali na pesa zake. Siku hiyo usikubali kupewa bahasha na pongezi. Omba taarifa ya maandishi inayoonyesha kampuni ililipa kiasi gani na lini, gharama za kesi zilizotolewa na upande wa pili ni kiasi gani, ujira wake ni upi, na kilichobaki kwako ni kipi. Na usitie saini ya kupokea mpaka tarakimu hizo zijumlike mbele yako.